Nusu Sekunde ya Kapteni Kimweri

Pingamizi langu lilikataliwa Jumanne saa nne asubuhi, na wachezaji milioni mbili na ushei. Nililiandika kwa siku tisa, nikafuta, nikaandika tena. Wao walilitupa kwa dakika arobaini.

Sikuwa nimedai jambo kubwa. Niliandika kwamba ndege ya kivita aina ya Kipanga, kama inavyoruka kwenye mchezo wa Ngurumo, siyo Kipanga ninayoijua mimi. Ile ya mchezo ukiipeleka Isanzila saa saba mchana, jua likiwaka, ukaipinda kwa nguvu zote, inageuka nyuzi kumi na saba kila sekunde. Ya kweli inageuka kumi na tano, tena kwa kulalamika. Isanzila iko mita elfu moja na mia saba juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, na joto likipanda inazidi kuwa nyepesi, injini inavuta pumzi isiyoshiba na bawa linakosa cha kuegemea. Tofauti ni nyuzi mbili tu. Lakini kwa mwendo wa mita mia mbili kwa sekunde, nyuzi mbili hizo zinalipanua duara la ndege kwa mita tisini. Nilichora na mchoro, kwa rula.

"Bibi, kama huwezi kuigeuza, sema huwezi kuigeuza," mmoja alinijibu kwenye jukwaa la mchezo.

Mwingine akaandika: "Kila wiki anatokea mtu anataka kutupunguzia Kipanga. Mimi nairusha kila siku baada ya kazi, na inageuka vizuri tu. Ushahidi uko wapi?"

Wa tatu alijiita Daktari wa Anga. Huyu alinishushia aya saba kunifundisha jinsi injini ya Kipanga inavyofanya kazi. Injini hiyo nimeifungua na kuifunga kwa mikono hii miaka kumi na minne. Katika aya ya tatu alikosea hata mahali pampu ya mafuta inapokaa, na watu elfu sita walimpigia makofi. Nilitamani nimshike sikio nimpeleke karakana.

Mchezo ungekuwa mchezo, ningezima nikaenda kupika. Zamani ulikuwa mchezo. Kisha jeshi la Shirikisho likawapa watengenezaji wake madaftari yote ya ufundi ili ndege za mle ndani zifanane na zetu. Mamilioni wakawa wanazirusha usiku na mchana, na kila aliyeona kasoro aliweka pingamizi, wenzake wakalipima kwa kuruka. Takwimu iliyovuka miaka miwili bila kuangushwa ikaitwa kweli. Ilikuwa rahisi, na bunge linapenda vitu rahisi. Siku hizi ajali ikitokea hawaitwi tena mafundi wa kuchokoa mabaki. Inaitwa Ngurumo.

Ndiyo maana ujumbe uliofuata ulinikalisha chini. Uliandikwa kwa herufi nzuri za kijani: "Pingamizi limekufa. Takwimu za Kipanga zinaendelea kuwa ushahidi kamili mbele ya mabaraza yote."

Baraza la Kapteni Kimweri lilikuwa Alhamisi. Alishtakiwa kwa vifo vya watu thelathini na mmoja, na Ngurumo ilikuwa shahidi wa kwanza na wa mwisho. Akitiwa hatiani, ni miaka ishirini na minane. Kijana mwenyewe ana thelathini na mbili.

*

Ajali ilitokea siku ya sherehe za kituo. Kapteni Kimweri Shekalaghe alitakiwa apite chini juu ya njia ya kurukia, apinde kushoto akifika usawa wa tangi la maji, aupite mlima Lihanje kwa ndani, kisha arudi watu wampigie makofi. Alipinda. Ndege ikaenda nje kuliko alivyotaka, tumbo likakwaruza ubavu wa mlima, kiti kikamrusha hewani. Kipanga namba kumi na mbili ikaendelea bila mtu, ikaanguka upande wa pili kwenye mnada wa ng'ombe.

Kinasa safari kiliyeyuka. Kilichobaki ni neno la rubani, kwamba alipinda usawa wa tangi kama alivyoagizwa. Ngurumo ilipoulizwa ikasema Kipanga iliyopindwa usawa wa tangi inaupita mlima Lihanje na kubakiza mita hamsini. Ya Kimweri iliuvuka ukingo wa mlima kwa mita arobaini. Kwa hiyo hakupinda usawa wa tangi. Alichelewa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ndiyo iliyoua watu.

Sasa niseme ninachokijua, maana hapa ndipo panaponiuma.

Isanzila kila ndege ina fundi wake, na fundi huiita mwanangu. Namba kumi na mbili alikuwa mwanangu mimi, Sajini Tusekile. Kila baada ya miezi mitatu tunapima msukumo wa injini na kuandika kwenye daftari. Msukumo ukishuka chini ya asilimia tisini na mbili, ndege inafanywa mfadhili. Maana yake inavuliwa vipuri wapewe wenzake, inabaki gamba, na fundi wake anahamishiwa kituo kingine akaanze upya. Vipuri vipya hatujaviona miaka sita. Basi tukawa tunatia chumvi. Kipimo kikisoma tisini, unaandika tisini na tatu, mwenzako anashuhudia na kusaini, kesho wewe unamsainia wa kwake. Na madaftari hayo hayo ndiyo yaliyopewa Ngurumo. Hakuna aliyepewa hata soda. Fundi aliyekubali mwanawe avuliwe nguo mbele ya watu alisemwa vibaya mezani, na hakuna aliyetaka kuwa huyo.

Marubani hawakuambiwa. Lakini hatukuwaacha hivi hivi. Rubani akiweka mguu kwenye ngazi, fundi alimsogelea akamwambia kiasi. Chumvi ikiwa kidogo ulisema, "Mpole naye leo." Ikiwa nyingi ulisema, "Usimbane." Wao walidhani ni mahaba ya mafundi kwa vyuma vyao, wakatucheka, lakini walitii, kwa sababu aliyepuuza alirudi amelowa jasho. Miaka sita hatukupoteza ndege hata moja. Tulijiona wajanja kweli.

Robo ile namba kumi na mbili alisoma themanini na nne. Niliandika tisini na tatu. Asilimia tisa, chumvi nyingi kuliko yoyote niliyowahi kutia.

Siku ya sherehe akaja Luteni Kanali kutoka makao makuu na amri mpya: hakuna mazungumzo ngazini, kila neno linarekodiwa. Alisimama pale pale, hatua moja kutoka kwangu, na kibao chake cha kurekodia mkononi. Kapteni Kimweri alipanda. Alipofika juu akageuka kunitazama, akisubiri kile nilichomwambia kila siku. Nilifungua mdomo. Luteni Kanali akanitazama.

Nikapiga saluti.

*

Jumatano nilimfuata Kapinga karakanani. Yeye ni fundi wa namba saba, na ndiye aliyesaini daftari langu robo ile. Nilimkuta chini ya bawa anafunga waya, na aliponiona hakutoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Toka huko tuongee."

"Nakusikia vizuri hapa hapa."

Nikainama. Magoti yangu yalilia, yeye akasikia, lakini hakutoka.

"Kesho nasimama mbele ya baraza," nikamwambia. "Nawaambia habari ya chumvi. Nataka na wewe useme. Mmoja akisema atakuwa kichaa, wawili ni ushahidi."

Alimaliza kufunga waya. Akaukata mkia wake kwa koleo, taratibu, kama mtu asiye na haraka duniani.

"Kughushi daftari la jeshi ni miaka kumi na mitano," alisema. "Tuko mafundi arobaini na mmoja, na wote tumesaini. Unataka kufunga arobaini na mmoja umtoe mmoja?"

"Mmoja huyo hajafanya kitu, Kapinga."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nini, dada? Wale wa mnada watafufuka? Mimi mke wangu ni mwalimu, mshahara wake unaujua. Mtoto wa mwisho kaingia kidato cha tano mwezi uliopita. Nimwambie nini? Kwamba baba yake alidanganya kwa kuipenda ndege?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hasira yangu ilikuwa imejiandaa kwa mtu mbaya, na Kapinga si mtu mbaya. Aliwahi kulala karakanani siku tatu akinisaidia kubadilisha feni, akala ugali wa baridi bila kulalamika.

"Na luteni wako wa namba saba?" nikamuuliza. "Kesho akipanda, nani atamwambia ambane au asimbane? Ngazini sasa hakuna anayefungua mdomo."

Hapo akaweka koleo chini.

"Namba saba amebaki na themanini na nane," akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Namwombea tu."

"Maombi yako yana nyuzi ngapi?"

"Nenda, dada. Tafadhali nenda."

Nilikwenda. Nilitembea njia nzima hadi nyumbani nikijiuliza nani kanipa haki ya kuchagua. Arobaini na mmoja wana wake, waume, watoto, mikopo ya bati. Kimweri ana mama yake huko Lushoto na hana mwingine. Nikajaribu kulinganisha, nikaona aibu ya kulinganisha. Mwisho niliona kitu kimoja tu, uso wa yule kijana pale juu ya ngazi akinisubiri niseme.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa maafisa. Mwenyekiti alikuwa Kanali Nyirenda, mwanamke mwenye sauti ya chini, asiyemkatiza mtu. Upande wa kulia alikaa Injinia Wambura aliyetumwa na watengenezaji wa Ngurumo, kijana nadhifu, na mbele yake kioo kikubwa kilichoonyesha uwanja wetu, tangi la maji na mlima Lihanje, kila kimoja mahali pake. Hata ufa wa tangi waliuweka. Kapteni Kimweri alikaa kati ya askari wawili. Alikuwa amekonda.

Nilisema yote. Nilitaja tarehe, nikataja themanini na nne na tisini na tatu, nikaeleza chumvi na ngazi na saluti. Sikumtaja mwenzangu hata mmoja kwa jina. Nilisema "sisi," basi. Nilipomaliza kifua kilikuwa chepesi, na kwa dakika ile moja niliamini nimemtoa. Nilimtazama Kimweri. Alikuwa ananitazama kwa huzuni, kama anayemwona mtu wa nyumbani kwao akigombana na watu sokoni.

Kanali akamwomba Injinia aeleze mfumo unasemaje.

"Shikamoo mama," Wambura aliniambia kwanza. Alikuwa na adabu, nisimsingizie. "Mfumo umekusikiliza. Kwa sheria, shahidi anayekiri kughushi jambo, neno lake katika jambo hilo hilo linapewa uzito sifuri."

"Lakini jambo lenyewe ndilo hilo, kwamba nilighushi."

"Ndiyo, mama. Inawezekana ulidanganya wakati ule, ukawa mkweli leo. Au ulikuwa mkweli wakati ule, na leo unadanganya ili kumwokoa rubani unayempenda kama mwanao. Mfumo hauwezi kujua uongo ni upi. Kwa hiyo hauchukui wowote."

"Na daftari?"

"Daftari halijakiri kitu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka.

"Basi chukueni Kipanga yoyote," nikasema. "Iko hapo nje, hatua mia mbili. Ipimeni injini leo, sasa hivi, mbele ya macho yenu."

Kanali Nyirenda akafunua karatasi. "Zilipimwa zote mwezi uliopita, baada ya ajali, kwa amri ya baraza hili. Tisini na tatu. Tisini na nne. Tisini na tatu. Tisini na mbili na nusu." Akaendelea hadi mwisho wa ukurasa. "Zimesainiwa na mafundi wake."

"Mheshimiwa, mafundi hao ndio sisi."

"Sasa nimlete nani akapime, Sajini? Wanaoijua injini hiyo ni ninyi tu."

Akamwita Kapinga. Kapinga alisimama kwa sare iliyopigwa pasi, akaapa, akaulizwa kama amewahi kuona kipimo kikiandikwa tofauti na kilivyosoma. Alirekebisha mkanda wake. Nilijikuta nimeshika ukingo wa kiti.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Sajini Tusekile ni fundi mzuri sana. Tangu ajali ile amekuwa na huzuni. Sote tunamwonea huruma."

Hakunitazama alipopita. Ningeweza kumtemea mate. Ningeweza pia kumkumbatia, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

"Kuna jambo moja la mwisho," Kanali akasema, na nadhani alitaka kunitendea wema. "Swali hili la nyuzi kumi na tano limeshasikilizwa. Liliwekwa kwenye jukwaa, watu milioni mbili wakalipima kwa kuruka, likaanguka Jumanne. Wewe ndiye uliyeliweka, Sajini. Ungekaa kimya, leo tungeweza angalau kulijadili."

Nilikuwa nimejiandaa kufungwa. Nilikuwa nimefua, nimemwachia jirani ufunguo na kuku wangu wanne. Lakini huwezi kumfunga mtu kwa kukiri ambako hakuna uzito. Walinishukuru kwa kufika, wakaniandikia siku kumi na nne za mapumziko na barua ya kumwona mshauri. Hata jela walininyima.

Wakili wa jeshi akamwambia Kapteni Kimweri kwamba akikubali kosa kabla ya Jumatatu kuisha, ishirini na nane zitashuka hadi kumi na mbili. Kimweri akaomba apewe siku hizo afikiri, na aruhusiwe kuendelea kuruka kwenye Ngurumo.

*

Jumapili baada ya ibada walinipa ruhusa ya kumwona. Walimweka chumba cha mwisho cha mahabusu ya kituo, chenye dirisha linalotazama njia ya kurukia. Tangu mwanzo wakili wake alikuwa amempa miwani ya mchezo na fimbo ya kurushia, ili atafute namna Kipanga ya Ngurumo inavyoweza kugonga mlima bila rubani kuchelewa. Nilimkuta ameivua miwani, imemwachia mistari miwili usoni.

"Karibu Mama," alisema, akanipisha kwenye kiti, yeye akakaa kitandani. "Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula." Sahani ilikuwa sakafuni na wali wake wote.

Nikamwambia sikuja kumpa pole. Nimekuja kumwambia asikubali kosa. Nitaandika pingamizi lingine, nitatafuta mafundi waliostaafu, nitakwenda makao makuu nikae mlangoni. Nilisema mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia jinsi yalivyo membamba. Alisubiri nimalize.

"Nimeruka mara mia nne na kumi na mbili," akasema. "Usawa wa tangi. Kila mara napinda pale pale, kwa nguvu ile ile, mkono wangu unajua. Inageuka, Mama. Inaupita mlima kama hakuna mlima. Mara mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyogonga."

"Ile siyo ndege yako. Ile ni chumvi yetu. Nimekueleza mbele ya baraza."

"Nilikusikia. Nilitoka machozi, kweli, kwa jinsi ulivyojitoa." Alinigusa mkono. "Lakini fikiria na wewe. Kila siku uliniambia nisimbane. Kila siku, mvua au jua. Siku ile tu hukuniambia. Ingekuwa kweli mbovu kiasi hicho, wewe, Mama, ungenyamaza?"

Nilitaka kumjibu. Jibu lilikuwepo, fupi, na nimelibeba tangu siku ile: ndiyo, nilinyamaza, kwa sababu mwanaume mwenye kibao alinitazama. Nikalisema. Nilisema kwa maneno hayo hayo.

Akatikisa kichwa kwa upole. "Hapana. Nakujua mimi. Usingenyamaza."

Nje injini ilianza kunguruma. Tukasikiliza wote wawili kwa mazoea. Nilijua ni namba saba kabla hajapita dirishani, na nilisikia kabisa jinsi asivyovuta vizuri, ule mkwaruzo mdogo wa chini. Nikamtazama Kimweri kuona kama naye anasikia. Alikuwa anatabasamu.

"Yuko vizuri," alisema.

Ndege iliporuka akarudi kwenye jambo lake. Alizungumza haraka kidogo sasa, kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza.

"Shida ilikuwa kwamba sikuikumbuka ile nusu sekunde. Ilinitesa hiyo. Unaambiwa umeua watu thelathini na mmoja katika nusu sekunde, unaitafuta kichwani, haipo. Tangi, mkono, mlima. Nilikuwa silali. Kisha wiki iliyopita, nikiwa kwenye mchezo, nikafika pale pale kwenye tangi, nikaona mnada upande wa kulia. Wameuweka mle, na watu, na ng'ombe, hata yule anayeuza miwa. Nikakumbuka."

"Ukakumbuka nini?"

"Kwamba niliwatazama. Siku ile niliugeuza uso kulia nikawatazama. Kulikuwa na mtu mwenye shati la njano anapunga mkono. Ndiyo nusu sekunde yenyewe, Mama. Niliwatazama watu."

Kutoka usawa wa tangi la maji la Isanzila huwezi kuuona mnada. Mlima Lihanje umesimama katikati. Kwenye Ngurumo waliukata mlima kidogo upande ule, sijui kwa nini, labda upendeze. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie.

Halafu nikauona uso wake. Kwa mara ya kwanza tangu ajali ulikuwa umetulia, kama alivyokuwa zamani akiteremka ngazi baada ya safari njema. Nikawaza miaka kumi na mbili, na miaka ishirini na minane, na yeye ndani yake kila siku akiitafuta sekunde isiyokuwepo. Nikawaza kwamba ukweli wangu umeshapimwa ukaonekana hauna uzito, na kwamba nikimpokonya na hili, nitamwachia mikono mitupu.

"Kesho nasaini," akasema. "Niko sawa, kweli. Nitawaandikia ndugu za marehemu niwaambie ilikuwaje, wanastahili kujua. Lakini nataka uhakika kwanza, isije ikawa mchezo ndio umeniwekea kichwani. Wewe ulikuwa chini, karibu na njia, unatazama juu. Uliniona nikigeuza kichwa?"

Kofia ya rubani ni nyeusi na kioo chake ni cheusi. Ndege ilipita kwa mwendo wa mita mia mbili kwa sekunde. Nisingeona kichwa, nisingeona chochote.

"Uliniona, Mama?"

"Nilikuona," nikamwambia.

Alishusha pumzi ndefu. Akachukua kalamu na karatasi kutoka chini ya mto, akaniuliza tarehe na jina langu lote linaandikwaje. Nikamtajia, akaandika, kisha akanisogezea karatasi ili nisaini kama shahidi.

Nikasaini.